Niliandika "Vyombo" Juu ya Boksi

Shangazi Agnetha, shikamoo. Kabla sijaomba msaada naomba kwanza nimshukuru Mungu, kisha nikushukuru wewe kwa ukurasa wako ninaousoma kila Jumanne hapa Nyasubi dukani kwa jirani yangu Eustace muuza sahani, maana yeye ndiye anayenunua gazeti na mimi nasoma bure, na leo nakuandikia nikiwa na shukrani nyingi kuliko shida, ila hiyo shida yenyewe imekaa katikati ya shukrani zote kama mwiba wa samaki kooni, siwezi kumeza wala kutema.

Mimi naitwa Vumilia, mama wa miaka arobaini na mbili, nauza vyombo vya muziki vya mtumba. Huko migodini upande wa Geita, dhahabu ikisikika mahali watu wanajaa, baa zinaota kama uyoga, spika zinanunuliwa, halafu rashi, zile mbio za dhahabu, ikiisha watu wanahamia shimo jingine na mwenye baa anabaki na spika na kinanda na hana wa kumpigia, basi hapo ndipo ninapofika mimi. Nanunua, fundi anafungua na kupuliza vumbi na kurekebisha, kisha natangaza kwenye makundi ya simu. Wateja wangu wengi ni kwaya za vijijini, na wapo wanaonicheka eti nawauzia watakatifu masalia ya walevi, mimi nawajibu kwamba maikrofoni haina dhambi, dhambi iko kwenye mdomo unaoisogelea.

Kufunga mzigo nilijifunza kwa kuumia. Zamani nilikuwa nauza mayai, nayapeleka migodini kwenye ndoo zilizojazwa pumba za mpunga na yai halipasuki, kwa hiyo kinanda cha kwanza nilichotuma nikakizika kwenye pumba vilevile, nikashonea gunia juu, nikajisifu. Mteja alipokifungua kule Geita kila kitufe akikibonyeza kinashuka hakipandi, pumba zimeingia mpaka tumboni, fundi wake akakaa siku mbili anachokonoa kwa unyoya wa kuku. Yule baba hakunitukana, Mungu ambariki, aliniambia tu, "Dada, kinanda nimepata, na chakula cha kuku nimepata." Tangu siku hiyo nanunua vipande vya godoro kwa mafundi makochi, na sijavunjiwa kitu tena.

Sasa, Shangazi, wiki mbili zilizopita Mama Mchungaji Esta wa Mhunze, kule Kishapu, alinunua kwangu miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti ambayo kwaya ikiwa na maikrofoni nne bila hiyo ni kelele tupu, na walikuwa wanaitaka kwa ajili ya Jumapili ya mavuno. Niliifunga kuanzia asubuhi mpaka mchana, godoro chini, godoro juu, khanga yangu ya zamani katikati, nailoni kwa nje, nikaitia kwenye boksi la sabuni. Nikampigia nikamwambia, "Mama, nawatumia vyombo vyenu leo, boksi la sabuni limeandikwa vyombo, na kuna kanyongeza kadogo." Kanyongeza kenyewe kalikuwa waya mbili za maikrofoni nilizozichomeka pembeni. Halafu nikachukua kalamu nene, nikaandika upande mmoja tu, neno moja tu, VYOMBO, na namba yake chini, nikapeleka kwenye chumba cha mizigo, nikaliegemeza ukutani, na kwa akili yangu yote ule upande wenye maandishi ndio nikauelekeza ukutani.

Siku hiyohiyo Eustace naye alituma boksi la sabuni, maana maboksi tunaokota duka moja, na lake pia limeandikwa VYOMBO, na ndani ni vyombo kweli, sahani dazani sita na bakuli zake, zile ngumu zisizovunjika, mali ya kikundi cha akina mama kule Ushetu ambao wamechangishana msimu mzima wa tumbaku ili wawe na sahani zao za misiba na harusi wasiende kuazima. Magari ni tofauti lakini chumba cha mizigo ni kimoja. Aliyeambiwa apakie vyombo vya Kishapu akapakia vyombo alivyoviona, na vilivyobaki vikaenda Ushetu. Simlaumu, hata mimi ningebeba vilevile.

Jumapili nikiwa nafua, simu ikaita. "Dada Vumilia," ni Mama Mchungaji, "tuko kanisani, nimekuweka kwenye spika, watu wote wanakusikia. Vyombo tumevipokea! Wabeja sana!" Na kanisa zima nyuma yake, watu wazima na watoto, wakaitika kwa Kisukuma asante moja kubwa, "Wabejaaa!" Shangazi, mimi katika maisha yangu nimeshukuriwa na mtu mmoja mmoja, tena kwa sauti ya chini, sijawahi kushukuriwa na watu mia na hamsini kwa pamoja. Machozi yalinitoka na povu mikononi. Nikapaza sauti, "Amina, mama! Vitumieni kwa utukufu wa Bwana, ni vyenu!" Wakapiga vigelegele. Kisha akasema, "Na hiyo miksa yenyewe usihangaike, leo tumeimba kwa midomo yetu, sisi tunaingoja tu." Nikahisi nimesikia vibaya, mtandao unakatakata, nikajibu, "Iko njiani, mama."

Baada ya dakika chache ikaingia picha. Wageni wamekaa chini wanakula wali, na kila mmoja ana sahani mpya. Ikafuata sauti ya Mama Mchungaji akinieleza kwamba walikuwa wameishiwa vyombo, wageni wametoka makanisa matatu, akina mama wamezunguka nyumba kwa nyumba kuazima, na boksi lilipofunguliwa mwalimu wa kwaya kashika waya wa umeme mkononi tayari kuchomeka, wakaona sahani, wakaduwaa, mpaka yeye alipopiga kofi akasema, "Si alisema kuna kanyongeza? Ndizo hizi! Yule dada ana roho!" Mchungaji akaziombea palepale.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, na sikusema. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni ikawa kesho. Jumatatu ikaja picha nyingine, wamezipindua sahani zote na kuzipaka rangi nyekundu chini, herufi za kanisa, kama tunavyofanya ili sahani isipotee msibani. Jumatano wakanitumia jogoo kwa basi, amefungwa miguu, amewekewa na mahindi ya njiani, na karatasi shingoni, "Zawadi ya Dada Vumilia." Tangu hapo kwaya mbili zimenipigia kuulizia spika kwa sababu Mama Mchungaji amewaambia mimi ni mtu wa namna gani.

Na Eustace, bila kujua lolote, siku nne zilizopita alinisomea ujumbe wa mwenyekiti wa kile kikundi, Mama Ndaki, kwamba boksi limefika salama na liko uvunguni mwa kitanda chake, ila hawalifungui mpaka Jumamosi ya mkutano, kwa sababu sheria yao mali ya kikundi inafunguliwa wanachama wote wakiwa wanatazama, asije mtu akasema mwenyekiti amekula. Namba yake niliinakili. Nimeitazama siku nne.

Naomba msaada, Shangazi. Namshukuru Mungu hakuna kilichovunjika, namshukuru Mama Mchungaji kwa moyo wake, lakini nikimwambia ukweli si nitakuwa napokonya sahani mikononi mwa wageni, tena zimeombewa na kupakwa rangi? Wazo moja limenijia, nalileta kwako unihukumu: ninyamaze, Jumamosi wale akina mama wafungue wenyewe, waione miksa, walalamike kwa watu wa mizigo, na wakianza kutafuta ndipo mimi nijitokeze kama msuluhishi. Je, ni dhambi?

Mimi mwenye shukrani na aibu,
Vumilia, Nyasubi, Kahama.

SHANGAZI AGNETHA ANAJIBU

Marahaba, Vumilia, na hongera kwa jogoo. Jogoo huyo alifungwa vizuri kuliko miksa yako: alikuwa na jina la mwenyewe shingoni na akafika kwa mwenyewe.

Nilikutumia ujumbe kukuuliza kama nifiche jina lako, ukanijibu, "Liache, labda nitapata nguvu." Nimekusikia. Lakini kumbuka gazeti ni la Eustace. Atalisoma kabla yako. Kwa hiyo kama unasoma mstari huu na Eustace amekukodolea macho juu ya sahani zake, mwambie asubiri kidogo, tumalize, kuna kazi yake humu.

Nianze na dhambi uliyoniuliza, maana umeiuliza ukijua jibu. Jumamosi wanawake wote wa kikundi watakaa kumzunguka Mama Ndaki, atakata kamba mbele yao, na badala ya sahani zao zitoke khanga yako chakavu na mashine ya baa. Unafikiri wa kwanza kutazamwa ni mtu wa mizigo? Atatazamwa mwanamke aliyelilalia boksi hilo uvunguni mwake siku zote hizo. Amefuata sheria kwa uaminifu, hajaligusa, na uaminifu huo ndio utakaomchoma. Watu wataanza kunong'ona kisimani, na neno likishasemwa Ushetu haliondoki kwa thina kama rangi ya sahani. Na wewe unataka uingie hapo ukiwa umejitanda, uwe msuluhishi! Mwanangu, ukinyamaza hutakuwa msuluhishi, utakuwa umemuuza mwenzako. Hilo wazo litupe, tena mbali.

Sasa nikupe na haki yako. Wewe si mwizi. Uliposema "ni vyenu" ulikuwa unazungumzia miksa, na ilikuwa yao kweli. Ulipojibu "iko njiani" ulikuwa hujaelewa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini kujikwaa si kosa la kufungia mtu. Kosa lako lilianza pale picha ilipoingia. Ulionja asante ya watu mia na hamsini na ukashindwa kuirudisha mezani. Ninaelewa. Mimi nimejibu barua kwenye ukurasa huu miaka kumi na tatu na asante nilizopata zinajaa kiganja. Ningelia pia, na sabuni mikononi.

Lakini asante ni mzigo, Vumilia. Ina mtumaji na ina mpokeaji. Hii ilipotea njia ikaishia kwako, na wewe unajua ya nani.

Fanya hivi, na ufanye leo Jumanne, si kesho. Mpigie Mama Ndaki kwanza, kabla ya Mama Mchungaji, kwa sababu yeye ndiye mwenye mali na ndiye aliye hatarini. Mwambie kila kitu, mpaka rangi nyekundu. Kisha mwombe asilifungue peke yake: aite wanachama wawili anaowaamini, nawe ubaki hewani, Eustace akiwa kando yako athibitishe alichotuma, na wafungue wote wakisikia. Hapo hakuna wa kusema mwenyekiti amekula. Halafu umuulize anataka nini: sahani zao zilezile zirudi, au mpya zinazofanana nazo. Usimchagulie. Kama anataka zake, herufi hizo zitatoka kwa thina na kitambaa, na atakayefuta ni wewe, kwa mkono wako, dazani zote sita. Kama atakubali mpya, Eustace, shusha boksi jingine leo hii, na Vumilia atalilipa, maana alikwisha kuwaambia watu wa Mhunze kwamba ni vyao mbele ya madhabahu, na neno kama hilo mtu huligharamia.

Ndipo umpigie Mama Mchungaji Esta, umwambie pia siku miksa yake itakapofika kutoka Ushetu, kwa nauli yako. Unaogopa atakuona mdogo. Mimi simjui mama huyo, ila mtu aliyefungua boksi la miksa akakuta sahani, na badala ya kupiga kelele akapiga kofi akasema "yule dada ana roho," huyo hatashindwa kusikia habari ya boksi lililopotea. Atacheka mpaka ashike ukuta. Huenda asicheke siku hiyohiyo, mpe mpaka kesho yake. Na wale wa kwaya mbili waliokupigia, usiwauzie kitu mpaka hili liishe.

Tuje kwenye kazi yako, maana naona unaipenda na mikono yako ni mizuri. Ndani ulifunga kama fundi. Godoro, sawa, khanga, sawa, nailoni ikaziba vumbi na mvua, sawa kabisa. Ila siku nyingine weka kibao chembamba juu ya vitufe, kiegemee kingo za mashine, kisiguse vitufe vyenyewe, ili hata mtu akikalia boksi, na watakalia, uzito uende pembeni. Waya usizichomeke tu ubavuni. Zikunje, zifunge, zitie kwenye mfuko wake, kwa kuwa ncha ya waya ndiyo inayotoboa spika njiani. Kinanda kitoe betri kabla hujakifunika. Spika ifunike uso kwa ubao, usiamini kitambaa chake. Ukimaliza, litikise boksi karibu na sikio: likikujibu, fungua, anza upya. Na pumba waachie mayai, hilo kuku wa Geita wameshakufundisha.

Tatizo lako lilikuwa nje. Kiswahili chetu kina utajiri wake, lakini neno hili lilikuponza: sahani ni vyombo, spika ni vyombo, bajaji ni chombo cha usafiri, na polisi nao ni vyombo vya dola. Ukiandika VYOMBO umeandika kila kitu, na aliyeandika kila kitu hajaandika kitu. Andika MIKSA YA KWAYA. Andika Mhunze, Kishapu, jina la mpokeaji, jina lako, namba zote mbili, na uandike pande zote sita, hata chini, kwa maana wapakiaji hawana muda wa kukugeuzia boksi. Karatasi nyingine yenye maneno hayohayo iweke ndani, juu kabisa, ili hata kamba ikikatika na boksi likiraruka mzigo ujue kwao. Ukishalikabidhi, lipige picha palepale kwenye meza ya mizigo, umtumie mpokeaji, na umwambie asiondoke nalo mpaka amelinganisha. Na Eustace, usicheke. Wewe nawe uliandika VYOMBO.

Basi, weka gazeti chini. Utakapompigia Mama Ndaki usianze na mtu wa mizigo, wala ukuta, wala kalamu. Msalimie kwa heshima yake. Mwambie kwamba sahani zao, kabla wao wenyewe hawajazigusa, zimelisha wageni wa makanisa matatu huko Kishapu, siku ambayo hapakuwa na sahani nyingine za kuwalishia, na kwamba kanisa zima lilisimama likasema wabeja. Mwambie wewe ulipokea simu tu. Kisha nyamaza, umwache apokee asante yake.